Kutu katika Nchi ya Dhahabu

Mtu wa visiwani hahitaji kufundishwa kutu ni kitu gani. Bawaba ya dirisha linaloelekea baharini, mnyororo wa baiskeli uliolala nje usiku mmoja wa kusi, mabati ya nyumba iliyo karibu na ufuo, vyote huliwa huku mwenyewe akitazama. Ndiyo maana pwani hudhaniwa kwamba kutu ni mtoto wa bahari, na kwamba gari likishapandishwa bara, mbali na chumvi, limeokoka. Dhana hiyo ni kweli nusu. Magari ya kale ya Shinyanga, na ya ukanda wa machimbo unaotoka Kahama kuelekea Geita, yana historia yake ya kutu, nayo ni ngeni kidogo kwa msomaji wa pwani, kwa kuwa huko kutu haiji na upepo. Hupanda kutoka chini, na aghalabu huanzia pale jicho lisipofika: kwenye sakafu ya gari, chini ya kapeti na nyayo za dereva.

Kuna kinaya katika jambo hili. Nchi hiyo imejulikana duniani kwa vitu viwili visivyoshika kutu kabisa. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Thorburn Williamson, aliligundua tabaka la almasi la Mwadui, kaskazini-mashariki ya mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 likatoka humo jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Likachongwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa kwenye kifungo cha maua cha kuvaliwa kifuani. Geita nako mgodi wa chini ya ardhi ulitoa dhahabu tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mpya wa mashimo ya wazi. Haya yameandikwa na kuandikwa tena. Yasiyoandikwa ni chuma kilichoyabeba yote hayo: malori, pikapu na Land Rover, pamoja na mikono iliyokizuia chuma hicho kisirudi kuwa udongo.

Kurudi kuwa udongo si tamathali ya semi. Chuma hutoka kwenye mawe mekundu na meusi ambamo kimeungana na oksijeni. Binadamu hukitenganisha kwa moto, na tangu siku hiyo chuma hutafuta njia ya kuungana nayo tena. Katika vilima vya Geita jambo hili huonekana kwa macho. Dhahabu ya huko, kwa sehemu kubwa, imelala ndani ya miamba ya chuma, miamba yenye mistari iliyopangana kama mkeka, ya kale mno. Anayechimba dhahabu Geita huvunja chuma kwanza. Na udongo mwekundu unaoshikilia matairi na marinda ya kanga za wapita njia, wekundu wake ni chuma kilichokwisha kushika kutu kabla hajazaliwa fundi wa kwanza.

Mafundi wa kwanza hawakuja na magari. Kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wazinza na jirani zao, Warongo walikuwa wahunzi mashuhuri waliojua kuyeyusha mawe hayo kwa tanuri za udongo, mivukuto na makaa. Majembe ya Uzinza yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, yakatumika kulimia na kulipia mahari. Jembe lina bahati ambayo gari halina: hutumika kila siku na hujisugua udongoni. Linaloning'inizwa darini kwa misimu miwili ndilo linalogeuka jekundu. Mhunzi wa Urongo angelielewa mara moja neno la fundi wa leo asemaye kwamba gari linalotembea huishi kuliko gari lililoegeshwa, ijapokuwa neno hilo, kama tutakavyoona, lina walakini wake.

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga, na kwa njia hiyo magari mengi yalipanda bara. Yalikuwa yamevuka bahari, yamekaa bandarini Dar es Salaam, kisha yakapakiwa kwenye mabehewa. Baadhi yaliwasili Shinyanga na chumvi yake tayari imejificha kwenye maungio ya mabati. Pamba ndiyo iliyoyaita kwanza. Vyama vya ushirika vya wakulima vilipoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, malori ya pamba yalikuwa yamekwisha kuwa sehemu ya mandhari ya Usukuma kama mibuyu. Mgodi wa Mwadui nao ulikuwa mji kamili ndani ya uzio wake, wenye hospitali, shule, karakana na magari yake.

Lori la pamba lina mbao nyuma na chuma mbele. Sakafu inayohusu makala haya ni ile ya chumba cha dereva, na ile ya magari madogo. Hapa ndipo Land Rover inapostahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa bara ndilo gari lililokuwa serikali, mission, mgodi na daktari wa mifugo kwa pamoja.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Ilibuniwa baada ya vita, Uingereza ikiwa na njaa ya chuma cha pua na cha kawaida, ambacho kiligawiwa kwa vibali. Aluminiamu ilipatikana kwa urahisi zaidi, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Rangi ya kijani hafifu ya magari yale ya mwanzo ilitokana na masalio ya rangi ya ndege za kivita. Waingereza walifanya hivyo kwa dhiki tu, lakini dhiki yao ikawa neema kwa Afrika. Bodi ya aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Ndiyo maana hata leo mtu aweza kukuta Land Rover ya miaka ya hamsini nyuma ya karakana ya Shinyanga, milango yake imebonyea kama sufuria ya harusi, lakini haina tundu.

Sifa hiyo, hata hivyo, imewapoteza wengi. Chesesi ya Land Rover ni ya chuma. Ukuta unaotenga injini na abiria ni wa chuma, na pale unapojikunja chini ya pedeli kuwa mahali pa kukanyagia, ni bati jembamba la chuma linalokutana na matope ya tairi la mbele kwa upande mmoja na unyevu wa viatu vya dereva kwa upande wa pili. Mwenye gari husifu bodi, akagonga mlango kwa fahari, ilhali chini ya nyayo zake bati limekuwa kama mkate wa ufuta. Tena kuna hila nyingine: aluminiamu na chuma vikibanwa pamoja na maji yakaingia kati, hugeuka kitu mfano wa betri, na aluminiamu ndiyo inayolipa. Hutoa unga mweupe kama chokaa kando ya ribiti. Fundi asiyejua huupangusa unga ule akidhani ni vumbi.

Magari mengine hayakuwa hata na ngao hiyo. Volkswagen yenye mgongo wa kobe, iliyojipatia heshima Afrika Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, haina chesesi ya kawaida. Sakafu yenyewe ndiyo mgongo wake. Mabati mawili, la kulia na la kushoto, yameshikana na bomba la katikati, na mzigo wote umeegemea hapo. Wahandisi wakaweka betri chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, juu ya bati lile lile. Asidi ikimwagika kidogo kidogo kwa miaka, sakafu huliwa kwa umbo la betri, na siku moja abiria mnene akikaa kwa kishindo, betri huonana na barabara. Peugeot na Toyota za baadaye zilikuwa na maradhi yao, ila asili ni ile ile.

Ni nini basi kinachofanyika katika hewa kavu ya Shinyanga? Mvua za huko ni chache ukilinganisha na za visiwani, na kiangazi ni kirefu. Chuma tupu kilicho safi kikiachwa kwenye hewa yenye unyevu ulio chini ya asilimia 60 au karibu na hapo, hushika kutu polepole sana. Lau lingekuwa suala la hewa pekee, magari ya Usukuma yangedumu karne. Lakini Wasukuma, ambao wana majina ya udongo kama baharia alivyo na majina ya pepo, hutofautisha luseni, udongo wa kichanga wa miinukoni, na itogolo iliyo ngumu, na ibushi, na mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Mbuga ikilowa haiachi. Hujaa ndani ya tao la tairi, hupanda kwenye pembe za chesesi, hukauka juu na kubaki imelowa ndani kwa majuma. Bati lililofunikwa na tope la mbuga liko katika masika yake binafsi hata kama jua la Septemba linapasua ardhi nje. Ongeza humo gunia la chumvi lililovuja, au mzigo wa samaki kutoka ziwani, au kapeti iliyooshwa na kurudishwa mbichi kwa haraka ya safari.

Hapa ndipo walakini wa usemi wa mhunzi. Gari linalotembea huishi, naam, lakini kila safari ya masika huliongezea tope, na mawe madogo ya barabara ya changarawe huchuna rangi ya chini kama patasi. Na karibu na machimbo mna jambo jingine. Miamba ya dhahabu huwa na mawe ya salfa yanayong'aa, ambayo wageni huyadhania dhahabu. Yakikutana na hewa na maji hutoa asidi na kutu kwa pamoja. Gari linaloshinda katika tope la namna hiyo halioni tofauti kubwa kati ya Geita na Forodhani.

Watu wa pwani walikuwa na jibu lao la kale kwa tatizo hili, na halikuwa rangi. Kwanza walikikwepa chuma: mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi, hauna msumari hata mmoja. Walipokikubali chuma, walikivisha. Msumari wa jahazi ulizungushiwa uzi wa pamba uliolowa mafuta kabla ya kupigiliwa. Mbao za juu zikapakwa sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake humtangulia nahodha. Na chini ya maji ikapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kila baada ya muda chombo kilipwelewa, kikakwanguliwa, kikapakwa upya. Hakuna aliyedhani kwamba deheni hupakwa mara moja ikatosha. Wala hakuna aliyeipaka juu ya chaza.

Mambo mawili haya, kukwangua kwanza na kurudia baadaye, ndiyo elimu yote ya kuzuia kutu. Yaliyobaki ni duka. Historia ya nchi hii ina ushahidi mmoja mzito wa hayo, nao uko magharibi ya Shinyanga, mwisho wa reli ya Kigoma. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kusafirishwa vipande vipande hadi Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na mafundi wake wenyewe mwezi Julai 1916 karibu na mlango wa Mto Malagarasi ili isitekwe. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini yake grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, ikakutwa mitambo yake yafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Chuma kilikaa majini karibu miaka minane kikasalimika, kwa kuwa kilifunikwa kikiwa safi na kikavu. Maelfu ya magari yamekufa katika nchi kavu kwa kufunikwa yakiwa machafu.

Rangi iliyoaminiwa na Waingereza katika karakana, reli na madaraja yao ilikuwa ile ya risasi nyekundu iliyokorogwa kwa mafuta ya kitani. Ilikuwa rangi bora kwa kazi hiyo: nzito, yenye kushika, na risasi pamoja na mafuta yale hutengeneza utando unaotuliza uso wa chuma hata pale msasa ulipopita ovyo. Ilikuwa pia sumu. Aliyeikwangua kavu aliivuta, na mtoto aliyecheza karakanani aliilamba. Dunia imekuwa ikiiacha, na nafasi yake madukani imechukuliwa na ile ambayo wauza rangi wote wa Tanzania huiita redi oksaidi. Wekundu ni ule ule, na hilo limewadanganya wengi. Redi oksaidi ya bei nafuu ni unga wa chuma kilichokwisha kuungua, yaani ndugu wa kutu yenyewe. Hufunika vizuri, lakini haina dawa ndani yake isipokuwa imetiwa zinki au fosfati ya zinki. Kopo husema, kwa anayesoma maandishi madogo.

Kisha ukaja wakati ambao hata redi oksaidi ilikuwa anasa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni zilikauka. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vipuri havikuwepo. Mwadui, uliokuwa umechukuliwa na serikali mwanzoni mwa muongo ule, almasi yake ikawa inapungua, na karakana za ushirika zikawa na magari mengi yaliyosimama kuliko yanayokwenda. Kipindi hiki hukumbukwa kwa foleni za sukari na sabuni. Chastahili pia kukumbukwa kwa ustadi wa mafundi bodi, ambao bila bati jipya hata moja waliyabakiza magari barabarani kwa miaka kumi zaidi ya umri wake.

Sakafu iliyooza ilikatwa kwa tindo, na kiraka kikatolewa kwenye pipa la mafuta la lita 200, ambalo chuma chake ni kinene na laini kukunja. Asiyepata pipa alitumia bati la paa. Bati hilo lina zinki, na zinki ni mlinzi mzuri, kwa kuwa huliwa yenyewe kabla ya chuma. Lakini likichomelewa zinki huungua ikatoa moshi mweupe unaomlaza fundi na homa usiku, na ndipo mafundi walipozoea kunywa maziwa wakiamini huosha kifua. Maziwa hayaoshi kitu, ila uthabiti wa watu waliofanya kazi ile bila kinyago haupunguzwi na hilo. Mahali pa rangi ya chini palichukuliwa na oili chafu iliyomwagwa injini, ikapakwa kwa tambara au kunyunyizwa kwa pampu ya dawa ya pamba. Haikuwa dawa mbaya. Oili hupenya ndani ya maungio ambamo rangi haifiki, nayo hurudiwa kila masika, kama deheni. Ubaya wake ni kwamba hudondoka na kuchafua ardhi, na bati lililoizoea hukataa rangi yoyote mpaka lioshwe kwa petroli mara mbili na tatu.

Dawa mbaya hasa ilikuwa lami. Waliokuwa na jamaa katika kazi za barabara walipata lami, wakaichemsha, wakaipaka chini ya gari mpaka likawa jeusi na la kuvutia. Mwaka wa kwanza hakuna kutu inayoonekana. Lakini lami ile ilipakwa juu ya kutu iliyokuwepo, na juani hukakamaa ikapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Maji huingia katika ufa, hayatoki. Kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma lami ikatuna, na fundi anayeikwangua leo huondoa lami na sakafu kwa pamoja, mkono wake ukabaki umeshika ganda jeusi lenye sura nzuri. Wajapani nao, ambao barabara zao za kaskazini hutiwa chumvi kuyeyusha theluji, wametuletea tangu kufunguliwa kwa biashara magari mengi yaliyotumika yaliyopakwa weusi wa namna hiyo. Mnunuzi wa bandarini huona usafi. Mwenye kujua hugonga kwa bisibisi.

Siku hizi mambo ya dukani yamebadilika. Mjini Shinyanga, Kahama na Geita, ambako migodi mikubwa na wachimbaji wadogo wenye makarasha wameleta fedha na vyuma vya kila aina, mwenye gari la kale anaweza kupata praima za zinki, epoksi za makopo mawili, hata zile rangi za poliyurethani ambazo hukauka kwa kufyonza unyevu uliomo hewani na ambazo, kwa sababu hiyo, huchelewa kushika katika kiangazi cha Usukuma. Kuna pia maji ya dawa ya kugeuza kutu. Hayo hupakwa juu ya kutu nyembamba iliyobaki baada ya brashi ya waya, na mbele ya macho ya fundi wekundu hugeuka weusi mzito. Baadhi yake ni asidi ya fosforasi. Mengine ni tanini, maji makali ya magome, ambayo pwani yetu iliyauza nje kwa miaka mingi katika magome ya mikoko. Wapenzi wa miswada ya kale watafurahi kujua kwamba weusi ule si mgeni kwao. Tanini na chuma ndivyo vilivyofanya wino mweusi ulioandikiwa Ulaya na katika nchi za Kiislamu kwa karne nyingi. Fundi aliyelala chali chini ya Land Rover, brashi mkononi, anatengeneza wino.

Kazi yenyewe ikifanywa kama ipasavyo ni ndefu na haina uzuri wa kuonesha. Viti hutolewa, kapeti hutupwa, tope hulowekwa na kuoshwa kwa maji matamu, bati likaachwa juani siku mbili tatu. Hukwanguliwa mpaka ling'ae au mpaka litoboke, na likitoboka hukatwa hadi penye uzima. Kisha dawa, praima nyembamba, praima ya pili, uji wa kuziba maungio, ndipo rangi. Juu na chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema mafundi, lakini kwenye sakafu ya gari kuna tundu ambalo halifai kuzibwa: vile vidogo vya kutolea maji, ambavyo kiwanda kiliviacha kwa makusudi. Fundi mwenye bidii na maarifa haba huviziba kwa kudhani ni kutu. Gari lake huwa bakuli.

Hapo ndipo panapozuka swali ambalo halijajibiwa, na ambalo linahitaji jibu kabla ya magari yenyewe kwisha. Wapenzi wa magari ya kale wa Ulaya huyathamini sana yale yaliyoishi nchi kavu, kwa kuwa chesesi zake ni nzima kuliko za Uingereza zilizoliwa na chumvi ya majira ya baridi. Hapa kwetu mapenzi hayo nayo yameanza; mwezi Oktoba 2024 Land Rover nyingi zilikusanyika Arusha katika tamasha lake zenyewe, kuukuu na mpya. Wakati huo huo mizani ya vyuma chakavu haijalala. Gari linaloweza kuokolewa huuzwa kwa kilo pamoja na majiko na fremu za vitanda, likakatwa, likayeyushwa.

Na yale yanayookolewa huokolewa vipi? Fundi anayefungua sakafu ya gari lililofanya kazi Mwadui au Geita hukuta daftari. Chini kabisa kuna kijani cha kiwandani, juu yake wekundu wa risasi, kisha lami, kisha rangi ya mwenye gari wa pili. Hukuta kiraka cha pipa ambacho bado kina sehemu ya maandishi ya kampuni ya mafuta, kimepigiliwa ribiti kwa umbali sawa kana kwamba kilipimwa kwa rula. Mwenye gari wa leo, akiwa na fedha, huagiza kukwanguliwa kila kitu na kuwekwa bati jipya kutoka nje, ili gari liwe kama lilivyotoka Uingereza mwaka 1958. Ni haki yake, na gari lake litadumu. Lakini Land Rover iliyorudishwa namna hiyo haina tena chochote cha Shinyanga isipokuwa namba, na kazi ya miaka ya dhiki imekwenda kwenye mizani ya chakavu. Kuiacha ilivyo nako ni kuiua, kwa sababu kutu haiheshimu kumbukumbu.

Kati ya ncha hizo mbili ipo njia, na wapo mafundi wanaoifuata bila kuambiwa. Kiraka kilichooza hukatwa. Kiraka kilicho kizima, hata kiwe kibaya wa sura, hukwanguliwa pembeni, hutiwa dawa katika mshono wake, hupakwa praima na rangi sawa na bati jingine, kikaachwa mahali pake. Upande wa chini, ambako hakuna wa kutazama, maandishi ya pipa hupakwa vanishi isiyo na rangi. Gharama yake ni kopo moja dogo na saa mbili za fundi. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yamehifadhi magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na ni vyema. Lakini hakuna makumbusho hata moja ya Kanda ya Ziwa yanayoweza kumwonesha kijana wa Geita jinsi sakafu ya gari ilivyotengenezwa kwa pipa mwaka 1982, na vielelezo vyenyewe bado vinatembea barabarani, vikipita Kahama na Runzewe, vikimwagiwa tope jipya kila masika.